Kwa nini mfungwa mwashi afunzwe pia usalama

MFUNGWA anayejifunza uashi katika magereza ya Kenya anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA), uleule wanaofanya mafundi walio huru. Hata hivyo, fundi ajuaye kujenga ukuta asijue kujikinga bado hajaiva.

Haja hiyo ni kubwa zaidi kwa aliyetoka kifungoni. Waajiri wengi hudai cheti cha maadili mema kutoka kwa polisi, hivyo tegemeo lake mara nyingi huwa kibarua cha mjengo, na mhitaji hachagui kazi.

Mafunzo ya usalama huanza na mambo madogo. Ngazi inayofika mita nne ukutani husimamishwa miguu yake ikiwa mita moja kutoka ukuta huo. Kuta za mtaro wenye kina hushikizwa kwa mbao kabla ya mtu kuingia, kwani mita moja ya ujazo ya udongo huzidi uzani wa tani moja. Aliyefukiwa hadi kifuani aweza kukosa pumzi.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 humtaka mwajiri kutoa mavazi ya kinga. Aidha, mfanyakazi akiripoti hatari kubwa, haruhusiwi kurejeshwa mahali hapo kabla ya hatari hiyo kuondolewa.

Asiyeijua haki hiyo hawezi kuidai. Yafaa ifundishwe pamoja na mwiko na timazi, kabla ya lango la gereza kufunguliwa.