Je, Wajua? Upendo wa Biblia Ulivyoandikwa Katikati ya Ugomvi

Je, wajua kwamba sura ya upendo inayosomwa kwenye harusi nyingi haikuandikiwa maharusi? Ni 1 Wakorintho 13. Paulo aliiandika miaka ya 50 baada ya Kristo akiwa Efeso, mji ambao magofu yake yako Uturuki ya leo, na aliowaandikia walikuwa wamegawanyika vibaya. Watu wa nyumbani mwa Kloe walikuwa wamemfikishia habari: Korintho kuna makundi, huyu ni wa Paulo, yule wa Apolo, mwingine wa Kefa, yaani Petro. Waumini walikuwa wakishtakiana mahakamani.

Aibu kubwa zaidi ilikuwa mezani. Siku hizo Meza ya Bwana iliendana na mlo wenyewe, na sura ya 11 inaeleza yaliyotokea: wenye nacho walitangulia kula chakula chao na kunywa mpaka kulewa, wasio nacho wakabaki na njaa katika mkutano uleule. Paulo akawaambia wangojane, na aliyebanwa na njaa ale kwake kabla hajaja. Sura mbili baadaye ndipo anapoueleza upendo. Ukiisoma orodha yake ya mambo ambayo upendo hauyafanyi, unaona wazi kuwa ni tabia za Wakorintho wenyewe: wivu, majivuno, kila mtu kujitafutia yake. Si kosa kuisoma harusini, maana wanandoa nao hugombania chakula.

Namba za sura, kwa taarifa yako, si za Paulo. Mgawanyo tunaoutumia hunasibishwa na Stephen Langton, askofu mkuu wa Canterbury, mwanzoni mwa karne ya 13. Kwa hiyo Wakorintho waliisikia barua ikitiririka tu, ulevi na upendo bila ukuta katikati.

Je, wajua kwamba amri ya kumpenda jirani haikuanza na Yesu? Iko Walawi 19, ndani ya kitabu ambacho wasomaji wengi hukikimbia kwa sababu ya sadaka za kuteketezwa na magonjwa ya ngozi. Tazama imewekwa pamoja na amri zipi: usivune shamba lako mpaka pembeni, masazo ni ya maskini na mgeni, kiziwi asitukanwe, kipofu asiwekewe kikwazo, mizani iwe ya haki. Ujira wa kibarua nao usilale kwako mpaka asubuhi. Hiyo ni aya ya 13, na upendo wa jirani uko aya ya 18. Anayemzungusha dada wa kazi mshahara wake kisha akawahi ibada ameziruka aya tano tu.

Kwa desturi hiyo ya masazo, Ruthu Mmoabu aliokota masuke katika shamba la Boazi kule Bethlehemu. Mfalme Daudi ni kitukuu chake.

Je, wajua kwamba Msamaria mwema alitoa fedha inayoweza kupimwa? Alimwachia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, na dinari moja ndiyo ujira wa kibarua kwa siku katika mfano wa shamba la mizabibu, Mathayo 20. Siku mbili za jasho, tena akaahidi kulipa kitakachozidi atakaporudi. Kisa hiki kiko katika Injili ya Luka peke yake.

Je, wajua kwamba kanisa la kwanza, lile lililosifika kwa kushirikiana mali, lilipata mgogoro wa posho? Upo Matendo ya Mitume 6. Waumini wa Kiyahudi waliosema Kigiriki walinung'unika kwamba wajane wao wanarukwa katika mgao wa kila siku, wakati wajane wa wenyeji wanapata. Mitume hawakuwaambia walalamikaji wanyamaze kwa ajili ya umoja, jibu ambalo viongozi wetu wengi wangelipenda. Waliitisha mkutano wa wote, wakataka wachaguliwe watu saba wenye sifa njema. Sasa soma majina ya waliochaguliwa: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni ya Kigiriki, na huyo wa mwisho hakuzaliwa Myahudi, alikuwa mwongofu wa Antiokia. Inaelekea ghala lilikabidhiwa kwa upande uleule uliolalamika.

Je, wajua kwamba sura fupi kuliko zote katika Biblia inahusu upendo? Ni Zaburi 117, aya mbili tu. Inawaita mataifa yote wamsifu Mungu, na sababu inayotoa ni fadhili zake.

Je, wajua kwamba jumuiya ndogo ndogo za Kikristo zilifanywa kipaumbele na maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, kupitia umoja wao wa AMECEA, katika mikutano ya 1973 na 1976? Majirani hukutana kwa zamu nyumba hadi nyumba, wakasoma Neno, wakachangia mgonjwa au msiba. Parokia nyingi hudai barua ya jumuiya kabla ya ubatizo au ndoa, na hapo ndipo asiyeonekana mwaka mzima hukumbuka nyumba ya mwenyekiti.

Na je, wajua kwamba barua ya Paulo kwa Filemoni ina aya 25 tu? Inamwombea Onesimo, mtumwa aliyeachana na bwana wake Filemoni, apokewe kama ndugu, na Paulo anaahidi kwa mkono wake kulipa deni lolote. Haikutumwa kwa Filemoni peke yake. Imeandikiwa pia kanisa lililokutana nyumbani kwake, hivyo jambo lake la ndani lilisikika mbele ya wote. Jibu la Filemoni halikuandikwa popote katika Biblia, ila Wakolosai 4 inamtaja Onesimo akitumwa pamoja na Tikiko kupeleka habari za Paulo, naye anaitwa ndugu.