Kutoka Uwanja wa Jomo Kenyatta Hadi Jijini: Gharama Halisi ya Kuingia Nairobi

Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, ulioko Embakasi, uko takriban kilometa 15 hadi 18 kutoka katikati ya jiji la Nairobi, umbali ambao gari huukata kwa nusu saa barabara ikiwa nyeupe, lakini ambao huweza kumeza zaidi ya saa nzima Barabara ya Mombasa inapofurika magari jioni. Kwa hiyo, msafiri anayelinganisha njia za kufika mjini hana budi kupima mambo matatu kwa pamoja: nauli, muda wa safari, na idadi ya watu watakaoichangia nauli hiyo.

Njia ya bei nafuu kuliko zote ni basi au matatu ya namba 34, ambayo nauli yake ni sehemu ndogo tu ya ile ya teksi, ingawa hupanda saa za msongamano na mvua inaponyesha. Njia hii humfaa mtu aliyefika mchana akiwa na begi moja, anayekwenda katikati ya jiji. Anayeelekea Westlands au Karen, hata hivyo, hulazimika kuteremka mjini na kupanda gari jingine, na mwenye mizigo mingi aghalabu huona unafuu ule ukipotea njiani.

Njia ya pili ni teksi inayoitwa kwa programu ya simu, huduma iliyoenea jijini tangu Uber ilipoanza kazi mwaka 2015, ikifuatwa na Bolt na Little. Nauli hukokotolewa kwa kujumlisha ada ya kuanzia, kilometa na dakika za safari, kisha huzidishwa pale wateja wanapokuwa wengi kuliko madereva, jambo linaloeleza kwa nini safari ileile huwa na bei mbili tofauti katika siku moja. Nauli ya kufika katikati ya jiji kwa kawaida huanzia karibu shilingi 1,000 za Kenya, hivyo wasafiri watatu wanaochangia gari moja hulipa kila mmoja kiasi kisicho kikubwa, tena wakafikishwa mlangoni.

Njia ya tatu ni teksi ya uwanjani au gari la hoteli, ambalo bei yake hupatanwa kabla ya safari na huweza kufikia maradufu ya ile ya programu. Ziada hiyo hununua uhakika: dereva humsubiri mgeni hata ndege ikichelewa, faida isiyo ndogo kwa mzee, kwa mzazi mwenye watoto, au kwa mtu anayetua usiku wa manane asiyeujua mji.

Juu ya nauli hizo zote za magari madogo kuna ushuru wa barabara, yaani malipo ya kupita Nairobi Expressway, barabara ya kulipia yenye urefu wa kilometa 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa kwa magari mwaka 2022. Ushuru huo hufuata umbali, na kwa gari dogo ulipanda mwaka 2024 kutoka kati ya shilingi 120 na 360 hadi kati ya 170 na 500. Saa za msongamano, malipo hayo huokoa muda mwingi. Usiku barabara isiyolipiwa inapokuwa wazi, faida yake hupungua sana. Ni busara kukubaliana na dereva mapema kuhusu njia itakayofuatwa na nani atalipa ushuru, kwani ugomvi mwingi wa nauli huzaliwa hapo.

Nafuu ya kweli, basi, hutegemea saa ya kutua, mizigo na wenzi wa safari. Nairobi hupokea wageni wengi kila siku, na ingekuwa heshima kwao, na kinga kwa madereva waaminifu, iwapo makadirio ya nauli na ushuru yangebandikwa wazi mlangoni mwa uwanja kwa Kiswahili na Kiingereza.