Shabaha ya Nakuru: mshale unaomlaza kifaru, naye akaamka

Tangu Mei 1977, Serikali ya Kenya ilipopiga marufuku uwindaji, hakuna anayeruhusiwa kwenda Naivasha au Elmenteita na bunduki kutafuta pembe za kutundika ukutani. Hata hivyo, katika Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru wako watu ambao hadi leo huandaa kwa mkono kile watakachofyatua. Ni madaktari wa wanyamapori wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), na wanachofyatua ni mshale wa dawa ya usingizi. Ufundi wao ni ndugu wa ule wa mjaza risasi wa zamani.

Bonde hili la Ufa limewahi kusikia milio ya kila aina. Theodore Roosevelt, aliyetoka madarakani Marekani mwaka 1909, aliwinda viboko Naivasha mwaka huo huo. Alikuja na Springfield ya kijeshi, Winchester ya .405 na bunduki nzito ya mitutu miwili ya Holland & Holland, na kila moja ilikuwa na risasi yake.

Risasi ni vitu vinne: ganda, fataki, baruti na kichwa. Anayejaza mwenyewe hatafuti nguvu, anatafuta ulinganifu. Baruti hupimwa kwa greni, na greni moja haifiki hata sehemu ya kumi ya gramu. Ganda moja likipata zaidi ya lenzake, kasi hubadilika. Kichwa kikisukumwa ndani kupita kiasi, shinikizo hupanda. Mtutu nao hutetemeka risasi inapopita, hivyo badiliko dogo hupeleka tundu pengine. Fundi hubadilisha jambo moja kwa wakati, hufyatua, kisha hutazama matundu yamekaribiana kiasi gani. Bunduki mbili za kiwanda kimoja zaweza kupenda risasi tofauti.

Hali ya hewa nayo ina neno lake. Kordaiti, baruti ya Waingereza ya enzi hizo, ilipandisha shinikizo kwenye joto kali, ndiyo maana viwanda vyao vilipunguza kipimo katika risasi za nchi za joto. Nakuru pia iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa, na kwa masafa marefu risasi hushuka kidogo kuliko ingeshuka pwani.

Hesabu hizi hazikufa na uwindaji. Tayari katika miaka ya 1960, Dkt. Toni Harthoorn, daktari wa mifugo aliyefanya kazi Afrika Mashariki, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kulaza wanyama wakubwa kwa mshale na dawa ya etofini, iitwayo pia M99. Ina nguvu maelfu ya mara kuliko mofini, na miligramu chache humlaza kifaru mzima.

Mshale huandaliwa mmoja mmoja. Dawa huingizwa mbele, hewa ya kuisukuma hujazwa nyuma, na tundu la sindano huzibwa kwa kipira kinachorudi nyuma sindano inapozama. Bunduki nyingi za leo husukuma mshale kwa gesi, na mlengaji hupanga shinikizo kulingana na umbali na uzito wa mshale. Likizidi, mshale huumiza msuli au hudunda. Likipungua, sindano haifiki kwenye nyama, na mnyama aliyepata nusu ya dawa hukimbia.

Akikimbia Nakuru, ana pa kufia. Upande mmoja kuna ziwa, ambalo maji yake yamepanda miaka ya karibuni hadi kumeza lango la zamani la mbuga, na kifaru mwenye usingizi huzama. Jua nalo humpandisha joto upesi, hivyo kazi huanza alfajiri. Akilala, huzibwa macho, humwagiwa maji, hukatwa alama masikioni, kisha hudungwa dawa ya kumwamsha.

Lakini shabaha pekee haitoshi. Mwaka 2018 vifaru weusi 11 walihamishwa kutoka Nairobi na Nakuru hadi Tsavo Mashariki. Wote walikufa, na kwa wengi wao uchunguzi ukataja maji ya chumvi waliyoyakuta huko. Walilazwa na kusafirishwa, ila makao mapya hayakupimwa kwa uangalifu uliopewa mshale.

Nakuru imekuwa hifadhi ya vifaru iliyozungushiwa ua tangu 1987, na vifaru waliokulia hapa wamepelekwa kwingine kuanzisha jamii mpya. Safari hizo huanza na mshale uliopimwa vizuri. Basi msomaji, ukitembelea mbuga na ukaona mshale umelala nyasini, usiuokote wala kuugusa: tone lililobaki ndani laweza kumuua mtu. Kaa mbali, zuia watoto, na umwite askari wa KWS aliye karibu.