Pikapu ya Shamba: Springi Kwanza, Rangi Baadaye



Mavuno yakikaribia, simu ninazopokea huwa si za viwavi na mbolea peke yake. Vijana mnaniuliza: "Bwana shamba, pikapu yangu imechoka. Rangi imepauka, nyuma imekaa chini. Nianze na lipi?" Mimi si fundi gereji, lakini gari la shamba ni zana kama ilivyo pawatila, na zana lazima iingie kwenye hesabu zako.

Kuna kijana mmoja wa huku, msimu fulani aliuza mpunga wa mwanzo akapeleka pikapu kupakwa rangi. Ikang'aa kweli kweli. Wiki mbili baadaye, akiwa na mzigo njiani kwenda Mafinga, springi ya nyuma ikakatika. Mvua za mwisho zikamkuta hapohapo. Magunia yakalowa, mnunuzi akashusha bei. Ile rangi mpya haikumsaidia kubeba hata gunia moja.

Springi na shokapu si kitu kimoja

Hapa ndipo wengi wanapoliwa hela. Springi ndiyo inayobeba uzito. Shokapu haibebi mzigo, kazi yake ni kutuliza springi isiendelee kurukaruka ukipita kwenye shimo. Kwa hiyo gari likikaa chini nyuma, kununua shokapu mpya peke yake hakutaliinua. Na gari likidundadunda barabarani, kuongeza springi hakutalituliza.

Pima mwenyewe kabla ya kwenda gereji:

1. Simamisha gari tupu mahali tambarare. Pima kwa futi kamba kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kushoto na kulia. Upande mmoja ukiwa chini zaidi, springi ya upande huo imelala au imevunjika.
2. Kandamiza kona ya gari kwa nguvu, kisha achia. Likipanda na kushuka zaidi ya mara mbili, shokapu imekwisha. Ukiona oili imevuja kwenye shokapu, ni jibu lilelile.
3. Ingia chini uangalie yale mabapa ya springi. Tafuta ufa, bapa lililochomoka kwenye mstari, bushi zilizolika na yu-bolti zilizolegea.

Ukiamua kuongeza nguvu

Fundi anaweza kukuongezea bapa moja au kukufungia springi nzito zaidi. Ni sawa kama unabeba mzigo mara nyingi. Ila jua mambo haya:

Springi nzito hazibadilishi uwezo wa gari. Ekseli, breki, matairi na chasisi ni vilevile. Piga hesabu: tuseme kitabu cha gari lako kinaruhusu kilo 900. Wewe na msaidizi mna kilo 140, zinabaki 760. Kama gunia lako la mpunga lina kilo 80, hayo ni magunia 9. Ukipakia 15, umezidisha kilo 440, na ukijaza lumbesa ndiyo kabisa. Springi mpya itasimama vizuri, kisha chasisi ndiyo itapasuka.

Badilisha kwa jozi, kushoto na kulia pamoja. Yu-bolti zifungwe mpya, na baada ya kilomita 500 hivi urudi kwa fundi azikaze tena.

Usiinue gari sana kwa ajili ya muonekano. Gari refu hupinduka kirahisi, na sisi tunapita kwenye kingo za mifereji kila siku. Halafu, baadhi ya pikapu zina vali ya breki iliyounganishwa na ekseli ya nyuma. Ukiinua gari bila kuirekebisha, vali hudhani gari ni tupu, na breki za nyuma hupungua nguvu hata ukiwa na mzigo. Mkumbushe fundi jambo hilo, pamoja na taa za mbele na mpangilio wa magurudumu.

Sasa tuje kwenye rangi

Jua hula rangi taratibu. Kabla hujalipa fundi rangi, tambua tatizo lako ni lipi.

Kama bodi imepauka tu na kushika unga, ukisugua kwa kitambaa cheupe kikatoka na rangi, bahati yako. Tabaka la juu ndilo lililokufa. Osha kwa sabuni laini ya maji, kausha, kisha sugua kwa polishi ya kuondoa mpauko kivulini. Jaribu kwanza sehemu ndogo kama kiganja. Usikandamize sana kwenye kona, maana rangi huko ni nyembamba. Malizia na waksi, na uirudie kila baada ya miezi michache.

Kama kuna mabaka meupe yanayobanduka kama magamba, hapo polishi haisaidii kitu. Tabaka la kung'arisha limeachia. Sehemu hiyo inapigwa msasa na kupakwa upya. Na ukiona rangi imevimba kama malengelenge, chini kuna kutu: ikwanguliwe hadi kwenye chuma, ipakwe praima, ndipo rangi.

Acheni kufuta gari kwa dizeli. Linang'aa kwa saa chache, halafu vumbi lote linaganda pale, na mipira ya milango inaharibika.

Jambo moja linatuhusu sisi wakulima zaidi: mbolea. Inavuta unyevu na kula chuma. Ukibeba urea au DAP, fagia na osha karai la pikapu na chini yake siku hiyohiyo. Matope na majani ya mpunga yaliyobaki kwenye chasisi nayo yaondoe.

Mpangilio wa hela yako

Kabla ya mavuno: springi, shokapu, bushi na breki. Wakati wa mavuno: pima magunia, usikisie. Ukishauza mpunga na kutenga hela ya mbegu na mbolea ya msimu ujao: kutu kwanza, kisha rangi. Polishi ya mkono unaweza kufanya mwenyewe Jumapili moja.

Kesho asubuhi kabla hujawasha gari, chukua futi kamba ukapime. Ni dakika tano tu. Kazi njema.