Uwezo wa Kiuchumi Usiotumika Kikamilifu katika Jiji la Tanga: Bandari, Mkonge na Viungo vya Uzalishaji

1.0 Utangulizi

Mijadala kuhusu ukuaji wa miji nchini Tanzania huelekezwa zaidi Dar es Salaam na, katika miaka ya karibuni, Dodoma. Miji ya ngazi ya pili hutajwa kwa ufupi, aghalabu kama makao makuu ya mikoa au masoko ya mazao ya vijiji vya jirani. Tanga ni mmojawapo wa miji hiyo. Ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2005, na Sensa ya mwaka 2022 iliihesabia wakazi zaidi ya 390,000. Ina bandari ya asili, reli, mawe ya chokaa yanayolisha viwanda vya saruji, na nyuma yake iko milima ya Usambara yenye chai, viungo, matunda na mboga. Pamoja na hayo yote, vijana wake wengi bado hutafuta riziki Dar es Salaam.

Makala haya yanafafanua kwa nini utajiri huo haujageuka kuwa ajira na kipato kwa kiwango kinachotarajiwa. Hoja kuu ni kwamba kinachopungua Tanga si rasilimali, bali viungo vinavyozifunga rasilimali hizo na uchumi wa jiji lenyewe. Dhana ya viungo iliasisiwa na mwanauchumi Albert Hirschman mwaka 1958. Kiungo cha nyuma ni mahitaji ambayo kiwanda huyaleta kwa wazalishaji wa malighafi na huduma. Kiungo cha mbele ni matumizi ya zao la kiwanda kimoja katika kiwanda kingine. Panapokosekana viungo hivyo, mali hupita mjini bila kuacha faida kubwa.

2.0 Usuli wa Kihistoria

Tanga ya kisasa iliundwa kwa ajili ya kusafirisha. Mwaka 1893 utawala wa Kijerumani ulianza kujenga reli kutoka Tanga, ambayo ndiyo ya kwanza katika Tanzania Bara, na mwaka 1911 reli hiyo ilifika Moshi. Mwaka uleule wa 1893, Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. 62 tu ndiyo iliyosalimika. Kutokana na miche hiyo michache yalitanuka mashamba ya Pangani, Muheza na Korogwe, yakihudumiwa na manamba walioletwa kutoka mikoa ya mbali.

Katika miaka ya mwanzo ya 1960, Tanganyika iliongoza duniani kwa uzalishaji wa mkonge, ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Kisha bei ilianguka kwa sababu ya ushindani wa kamba za plastiki. Mashamba mengi yalitaifishwa kuanzia mwaka 1967, mitambo ikachakaa, na katika miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 40,000.

Juhudi za kuufanya mji huo kuwa kitovu cha viwanda hazikudumu zote. Kiwanda cha mbolea, kilichojengwa kando ya bahari na kutegemea sana malighafi kutoka nje, kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Uzalishaji wa saruji umeendelea hadi leo. Tofauti kati ya viwanda hivyo viwili inaeleza mengi: saruji ilikuwa na chokaa yake palepale na soko la ujenzi lililokuwa likikua, ilhali mbolea ilihitaji fedha za kigeni kila meli ilipowasili.

3.0 Bandari na Bomba la Mafuta

Kwa miongo mingi kina cha maji gatini Tanga kilikuwa takriban mita 3. Meli zilitia nanga umbali wa kilomita 1.7, shehena ikashushwa kwenye matishari na kupandishwa tena gatini. Kuhamisha mzigo mara mbili kuliongeza gharama na siku za meli kusubiri. Kwa sababu hiyo, wafanyabiashara wengi wa Kilimanjaro na Arusha walipitishia mizigo yao Dar es Salaam au Mombasa, ingawa Tanga iko karibu nao kuliko Dar es Salaam. Maboresho yaliyoanza mwaka 2019, kwa gharama ya shilingi bilioni 429.1, yaliongeza kina hadi mita 13 na kuimarisha gati mbili zenye urefu wa mita 450. Katika mwaka huohuo wa 2019, reli ya kaskazini ilifufuliwa baada ya kusimama kwa miaka mingi.

Mradi mwingine mkubwa ni bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi rasi ya Chongoleani. Kwa kuwa mafuta hayo yana nta nyingi, sharti yapashwe joto njiani ili yasigande.

Miradi hii ina manufaa, lakini yote miwili ni miundombinu ya kupitisha. Ujenzi huajiri watu wengi kwa muda. Uendeshaji wa matangi na mabomba huhitaji mafundi wachache wenye ujuzi maalumu. Kontena linalotoka melini na kwenda Arusha bila kufunguliwa huiachia Tanga tozo na ujira wa upakuaji tu. Faida kubwa zaidi hupatikana pale ambapo maghala, karakana, bima, ufungashaji na usindikaji hufanyika mjini.

4.0 Mkonge na Mazao ya Bara

Upotevu wa thamani huonekana wazi katika mkonge. Jani linapopitishwa kwenye korona, singa zinazopatikana ni takriban asilimia 2 hadi 4 tu ya uzito wake. Kinachobaki ni maji na makapi, ambayo kwa muda mrefu yalitupwa. Katika shamba la Hale, wilayani Korogwe, ulijengwa mtambo wa kilowati 150 unaozalisha umeme kwa gesi itokanayo na makapi hayo. Mtambo huo ulithibitisha kwamba kilichoitwa taka ni malighafi. Hata hivyo, umeme huo ni sehemu ndogo mno ya kinachowezekana, kwani makapi hufaa pia kwa mbolea na chakula cha mifugo.

Hali kama hiyo huwakabili wakulima wa machungwa wa Muheza. Sehemu kubwa ya machungwa huuzwa bila kusindikwa, tena yakiwa bado mtini, kwa wanunuzi wanaoyapeleka Dar es Salaam na Kenya. Msimu unapofikia kilele bei hushuka, na mkulima hana ghala la ubaridi wala kiwanda cha kumpa mnunuzi mbadala.

5.0 Mifano ya Viungo Vilivyofanikiwa

Sekta ya maziwa inaonesha kwamba mwelekeo huo unaweza kubadilika. Kiwanda cha Tanga Fresh, kilichoanza katika miaka ya 1990 kwa kushirikiana na ushirika wa wafugaji wadogo, hupokea maziwa kupitia vituo vya kukusanyia vyenye matangi ya ubaridi. Mfugaji mwenye ng'ombe wawili hupata soko la kila siku, na mahitaji yake huzaa kazi za kukata majani, kutibu mifugo na kusafirisha maziwa.

Mfano wa pili ni wa fedha. Mwaka 2024 Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Tanga ilitoa hatifungani ya kijani ya miaka 10 ili kukusanya shilingi bilioni 53.12 za kupanua huduma ya maji, na wawekezaji walijitokeza kupita kiasi kilichoombwa. Kwa hiyo, taasisi ya mji wa ngazi ya pili inaweza kukopesheka iwapo ina mapato yanayohesabika na hesabu zinazokaguliwa.

6.0 Hitimisho

Historia ya Tanga inaonesha kuwa mji uliojengwa kwa kupitisha zao moja hutetereka zao hilo linapotetereka. Kina kipya cha bandari kinaweza kurudia kosa hilo au kulirekebisha. Ili kulirekebisha, mambo matatu yanahitajika: ardhi iliyopimwa kwa ajili ya viwanda karibu na bandari na reli, mafunzo ya ufundi yanayolingana na kazi za bandari, bomba na usindikaji, na vyama vya ushirika vyenye uwezo wa kukusanya mazao ya wakulima wadogo kwa kiwango ambacho kiwanda kinaweza kukitegemea. Ufanisi wa jiji usipimwe kwa tani zinazopita gatini pekee, bali pia kwa sehemu ya thamani ya tani hizo inayobaki kwa wakazi wake.