Kamba Hukatikia Pembamba

Tumezoea katika safu hii kuzungumzia mambo makubwa: barabara, bandari na mitambo ya umeme. Leo tunawaomba wasomaji wetu watuvumilie tuzungumzie waya mwembamba kuliko njiti ya kiberiti. Ni waya wa hedifoni za simu, zile zenye kikasha cha duara katikati. Ukiuvuta waya hurefuka. Ukiuvuta tena kidogo na kuuachia, springi iliyomo ndani huurudisha wote.

Hedifoni hizo tulizitumia sisi wenyewe tulipokuwa safarini Enguserosambu. Kwa ndugu zetu wa Unguja na Pemba ambao hawajafika huko, hiyo ni kata ya Wilaya ya Ngorongoro, mkoani Arusha, karibu na mpaka wa Kenya. Wenyeji wake wengi ni wafugaji wa Kimaasai, na mchungaji aliye malishoni tangu alfajiri hana pa kuchomeka chaja. Hedifoni zisizo na waya, ambazo nazo hudai kuchajiwa, hazimfai kama hizi zinazopata nguvu zao kutoka katika simu.

Sababu kubwa zaidi ni redio. Simu nyingi zenye redio ya FM huutumia waya wa hedifoni kuwa antena. Bila ya waya huo redio hukwaruza, au hunyamaza kabisa. Hapo ndipo tulipojifunza jambo la kwanza: waya uliozongwa ndani ya kikasha ni antena iliyofupishwa. Tulipounyoosha wote, sauti ilisafika.

Jambo la pili lilikuwa chungu. Mwanzoni tulifurahi, kwani waya haukufunga mafundo mfukoni. Lakini haukupita mwezi, sikio la kushoto likanyamaza. Fundi alikifungua kikasha, akatuonyesha chanzo: waya ulikuwa ukipindwa na kunyooshwa kila siku mahali pale pale, hata nyuzi za shaba zilizomo zikachoka na kukatika. Wa kawaida angeulehemu kwa muda mfupi. Huu ulimshinda, kwa kuwa springi ilifyatuka, na kuirudisha mahali pake hakukuwezekana. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kamba hukatikia pembamba.

Huenda mkazi wa mjini akasema hasara hiyo ni ndogo, kwani jioni ile ile atanunua nyingine. Mchungaji hana duka jirani. Wala hana mvuvi wa Kojani au Tumbatu, ambaye hutegemea redio ya simu kusikia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kutweka tanga. Kwake yeye, waya uliokatika ni onyo la upepo mkali lisilosikika.

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wananchi waliketi vikundi vikundi kuizunguka redio moja. Redio ikiharibika, kikundi kizima kilijua, na kikundi kizima kilitafuta dawa. Leo kila mtu ana redio yake sikioni. Waya ukikatika, hunyamaziwa peke yake, na jirani yake hana habari.

Kwa hiyo jambo hili si la mnunuzi peke yake. Shirika la Viwango Tanzania lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1975, na Taasisi ya Viwango Zanzibar kwa sheria ya mwaka 2011. Tunawaomba wahusika wasivipuuze vitu vidogo vinavyoshushwa bandarini. Waya uliotengenezwa ili uvutwe kila siku na upimwe kwa kuvutwa mara nyingi kabla haujauzwa. Mfanyabiashara naye atoe dhamana ya maandishi.

Na sisi watumiaji tunao wajibu wetu. Tuuvute waya polepole, tusiufikishe mwisho wa uwezo wake, wala tusiachie springi iurudishe kwa kishindo. Mchungaji naye, awapo porini, aliache sikio moja wazi kwa ajili ya mifugo yake.

Serikali hutumia fedha nyingi kuifikisha sauti yake vijijini. Itakuwa hasara kubwa iwapo sauti hiyo, baada ya kuvuka bahari na milima, itakwama shubiri moja tu kabla ya kulifikia sikio la mwananchi.