Macho Makubwa ya Mtoto Mchanga

Mtoto akizaliwa, jirani huja kumpongeza mama, na mara nyingi husema: "Tazama macho yake makubwa, uzuri ulioje!" Si vibaya kusifu. Lakini yako macho makubwa ambayo si uzuri, bali ni ugonjwa. Madaktari huuita glaukoma, yaani presha ya jicho.

Ndani ya jicho hutengenezwa maji safi daima, nayo hutoka kwa njia nyembamba. Njia hiyo isipofunguka vema, maji hujaa, jicho la mtoto hutanuka, na mshipa upelekao habari katika ubongo huharibika. Dalili ni hizi: mtoto huogopa mwanga, hutokwa machozi bila kulia, na kioo cha jicho hufanya ukungu.

Dawa ya matone husaidia kwa muda tu. Tiba hasa ni kupasuliwa, mtoto akiwa amelazwa usingizi. Kioo kikiwa kingali safi, daktari huingiza kisu chembamba mno na kuifungua njia kwa ndani. Ufundi huu ulienezwa na Otto Barkan wa San Francisco katika miaka ya 1930, na umetumika pia katika hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam. Kioo kikiwa na ukungu, daktari haoni ndani. Basi huifungua njia kutoka nje. Pengine huongeza tundu dogo, maji yapate kutokea chini ya ngozi laini ifunikayo weupe wa jicho.

Lakini tukumbuke sana: kisu huokoa nuru iliyobaki, hakirudishi iliyokufa. Ndiyo maana twasema na wazazi wa Masisi na Walikale. Kutoka Masisi hadi Goma, kwa njia ya Sake, ni kilomita 80 hivi. Walikale ni mbali zaidi, ng'ambo ya milima, msituni. Mvua hukata barabara, na vita huzifunga. Januari 2025 viliingia Goma yenyewe. Safari ikiwa ngumu hivyo, tusiongeze kuchelewa kwetu wenyewe kwa kungoja ukungu uondoke, au kwa kujaribu majani machoni. Mwonyesheni mtoto kwa mwuguzi wa kituo cha afya kilicho karibu, mkamwombe barua ya kwenda kwa daktari wa macho.

Na akiisha kupasuliwa, arudi kupimwa maisha yake yote. Ndugu zake nao watazamwe. Anayesifu macho ya mtoto, basi, na ayatazame vizuri.